Mistari Mitano ya Omukama Rumanyika

Msikilizaji, mwalimu wa Kayanga au wa Nkwenda akiwatuma wanafunzi wake wakaandike juu ya mtu mashuhuri wa wilaya yao, watoto hao hawataanza na kitabu. Mara nyingi kitabu hakipo, na kikiwepo kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu tena kimefungiwa kabatini. Wataanza na mistari michache waliyoiona kwenye simu ya mzazi, au waliyoisikia kwenye kipindi cha chemsha bongo: jina la mtu, aliishi lini, alifanya nini. Wataiandika kama ilivyo, wataikariri kwa ajili ya mtihani, na wakikua ndiyo watakayowasimulia watoto wao. Tangu mtaala mpya uanze kutumika mwaka 2024, ukaja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, mistari ya namna hiyo inatafutwa kuliko zamani. Ndiyo maana leo naomba tuizungumzie makala fupi ya marejeo, ile ya mistari mitano hadi kumi inayomweleza mtu au jambo. Hoja yangu ni kwamba makala hiyo ina nguvu kuliko kitabu kizima, kwa kuwa ndiyo inayosomwa na wengi na kunakiliwa bila kuulizwa. Kwa muda mrefu mno wilaya za Karagwe na Kyerwa zimeacha mistari yao iandikwe na wapita njia. Wakati umefika wa kuiandika wenyewe, na kuiandika kwa masharti magumu.

Tuchukue mfano ulio karibu kuliko yote, Omukama Rumanyika. Anayemtafuta katika vitabu vya marejeo atakuta sentensi ya aina hii: Rumanyika alikuwa mfalme wa Karagwe aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861. Hakuna uongo ndani yake. John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwake Novemba 1861 wakitokea Unguja kwa njia ya Tabora, Speke akaondoka Januari 1862 kwenda Buganda, na Grant akabaki Karagwe miezi kadhaa zaidi kwa sababu mguu wake ulikuwa umeharibika vibaya. Lakini sentensi hiyo inajibu swali la nani? Inamjibu mtu anayeifuata safari ya Speke na kutaka kujua alilala wapi kabla ya kufika kwenye chanzo cha Nile. Mtoto wa Bweranyange, penye ikulu ya Rumanyika, hakuuliza hivyo. Yeye aliuliza Rumanyika alikuwa nani. Speke alikaa pale wiki chache. Mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alipopita mwaka 1876, miaka kumi na mitano baadaye, alimkuta Omukama yule yule bado anatawala. Mtu aliyeshika nchi kwa muda wote huo, katikati ya Buganda, Rwanda na Nkore, anakumbukwa kwa wiki chache alizokuwa na mgeni. Katika kitabu cha kurasa mia tatu kasoro hiyo ingerekebishwa na sura zinazofuata, lakini katika makala ya mistari mitano sentensi ya kwanza ikishapinda hakuna nafasi ya kuinyoosha.

Na si kwamba hakuna cha kuandika. Rumanyika hakurithi kiti kwa amani. Baba yake, Ndagara, alipofariki, wana wake waligombania nchi, na Rogero ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Rumanyika. Rumanyika mwenyewe alimsimulia Speke kwamba iliwekwa ngoma ndogo mbele ya wana wa marehemu, ngoma nyepesi kabisa kwa macho lakini iliyotiwa dawa, na ni yeye peke yake aliyeweza kuinyanyua. Hayo ndiyo maelezo ya ikulu. Maelezo ya msafara wa biashara ni mengine: yanamtaja Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Uhindi aliyekuwa na makao yake Tabora, kuwa alimsaidia Rumanyika kumshinda ndugu yake. Mwandishi mvivu atachagua moja. Atachukua ngoma ili ipendeze, au atachukua Musa Mzuri ili aonekane mtu wa kisasa asiyeamini mambo ya dawa. Mwandishi makini atayaweka yote mawili katika sentensi mbili fupi, kwa sababu yote mawili ni habari. Ngoma inatueleza Wanyambo, watu wa Karagwe, walihitaji kusikia nini ili wamkubali mtawala, na Musa Mzuri anatueleza kwamba kufikia katikati ya karne ya 19 pembe za ndovu na bidhaa za pwani zilikuwa zimeanza kuamua nani akae kitini. Kituo cha wafanyabiashara hao kilikuwa Kafuro, si mbali na Bweranyange, na mwaka 1876 Stanley alimkuta hapo Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa ameishi Karagwe miaka mingi.

Kuna jambo jingine ambalo makala ya Kiswahili juu ya Rumanyika haina haki ya kuliacha. Speke anaandika kwamba maamkizi ya kwanza ya Omukama, siku walipoingia kwake, yalitamkwa kwa Kiswahili kizuri. Tulitazame jambo hilo kwa makini. Ni Novemba 1861, zaidi ya miaka ishirini kabla Mjerumani hajadai kipande chochote cha nchi hii. Hakuna shule, hakuna misheni, hakuna karani wa serikali magharibi ya Ziwa Viktoria. Mtawala ambaye hakupata kufika pwani anamkaribisha mgeni kwa lugha ya pwani, naye anaizungumza vizuri. Sisi tumezoea kusikia kwamba Kiswahili kililetwa bara na utawala wa kigeni na kukamilishwa na TANU, na katika maelezo hayo watu wa Kagera huonekana kama waliochelewa darasani. Sentensi moja juu ya Rumanyika ingetosha kuyarekebisha maelezo hayo, na haimo katika makala fupi ninazozijua. Wala hakuishia kwenye salamu. Speke anaeleza kwamba Omukama alimuuliza kama jua linalochomoza leo ndilo lile la jana au kila siku huja jingine, na kwa nini mwezi hubadilisha uso wake. Mtoto anayejifunza sayansi akiambiwa hayo ataelewa kwamba maswali yake yana babu hapa hapa kwao.

Sasa tuje kwenye upande unaouma. Maelezo yale yale ya Speke yanayotupa salamu ya Kiswahili, hapo hapo yanaingiza fikra nyingine. Alipomwona Rumanyika na nduguze, warefu, wenye adabu na akili, Speke hakukubali kwamba ni Waafrika kama Waafrika wengine aliokutana nao njiani. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 akatoa sura nzima kudai kwamba watawala wa nchi hizi walitoka Uhabeshi, watu wa mbegu tofauti na wale wanaowatawala. Ushahidi wa kitaalamu hakuwa nao, alikuwa na macho yake tu na mawazo aliyotoka nayo kwao. Lakini dai hilo lilikuwa fupi na rahisi kunakiliwa, nalo likanakiliwa. Likaingia katika vitabu vya marejeo, vya wamisionari, vya maofisa wa kikoloni, na hatimaye katika madarasa ya Rwanda na Burundi, ambako vizazi vilifundishwa kwamba Mtutsi ni mgeni na Mhutu ni mwenyeji. Mwaka 1994 wauaji wa kimbari waliyatumia mafundisho hayo hayo, na wakimbizi wakavuka Mto Kagera, wakajaa katika kambi za Ngara na hapa Karagwe, Chabalisa ikiwa moja yao. Sisemi kwamba aya za Speke peke yake ndizo zilizoua watu. Nasema kwamba habari iliyookotwa vibaya ikulu ya Bweranyange ilizunguka dunia miaka mia na thelathini ikiwa imefupishwa na kurudiwa bila kuulizwa chanzo, na matokeo yake yakaja kupiga hema katika mashamba yetu ya migomba.

Na kuna wanawake. Kila aliyesoma muhtasari wa safari ya Speke anajua habari za wanawake wanene wa ikulu ya Karagwe walionyweshwa maziwa. Speke alimpima mmoja wao, shemeji wa Omukama: mkono, kifua, paja, shavu la mguu, kimo. Vipimo vyote vipo kitabuni hadi leo. Jina lake halimo. Makala fupi zinazoitaja Karagwe hupenda sana kisa hicho, kwa kuwa kinashangaza, na kila zinapokirudia zinamfanyia mama huyo lile lile alilofanyiwa mwaka 1861. Kwa maoni yangu sharti liwe hivi: kama hatuna la kusema juu ya mtu ila unene wake, basi makala haijawa tayari. Mwandishi aende kwanza akaulize wanawake wa Abahinda, ukoo wa kifalme, walikuwa na kazi gani katika nchi, nani alisimamia maziwa na siagi, nani alimlea mrithi, na mama wa Omukama alikuwa na mamlaka gani.

Iko pia aina ya pili ya makala fupi, isiyo na dharau yoyote, lakini nayo inatunyima. Fungua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, utafute kata yoyote ya Karagwe au Kyerwa. Utaambiwa kwamba ni kata ya wilaya hiyo katika Mkoa wa Kagera, utapewa namba ya posta na idadi ya wakazi katika sensa, basi. Waliofanya kazi hiyo walijitolea bila malipo na walifanya jambo jema, kwa sababu bila ukurasa wa kuanzia hakuna wa kuongezea, na tarakimu za sensa ni kweli tupu. Wilaya zote mbili, tangu Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, zilionekana katika sensa ya mwaka ule kuwa na zaidi ya watu laki tatu kila moja. Lakini tarakimu zinakufikisha mlangoni tu. Msomaji wa makala ya namna hiyo hawezi kujua kwamba wataalamu wa miamba duniani kote huutaja ukanda mzima wa mawe ya kale kwa jina la Karagwe na Ankole, mawe yenye umri unaozidi miaka bilioni moja, na kwamba ndani ya ukanda huo ndimo limo bati la Kyerwa, lililochimbwa tangu enzi za Waingereza na linalochimbwa hadi leo. Hawezi kujua kwamba wakulima wa kahawa wa Karagwe walijiundia chama kikuu chao cha ushirika, KDCU, mwaka 1990. Ukurasa usio na kosa hata moja unaweza kumwacha msomaji hajui lolote.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa: hatuna vyanzo. Tungependa kuandika, watu husema, lakini hakuna kilichoandikwa. Hilo si kweli, na wanaolisema waache kulisema. Mwaka 1947 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha historia ya Karagwe iliyoandikwa na J. Ford na R. de Z. Hall, maofisa wa kikoloni waliokusanya masimulizi wakati wazee waliowajua watu wa karne ya 19 walikuwa bado hai. Mwaka 1975 Israel Katoke alichapisha Nairobi kitabu kizima juu ya ufalme wa Karagwe na historia ya Wanyambo, kuanzia takribani mwaka 1400 hadi 1915. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa lugha za Tanzania, kilitoa mwaka 2002 msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza alioutayarisha Josephat Rugemalira, na humo kuna majina ya mimea, ya vyombo, ya udugu na ya kazi ambayo mwandishi wa makala za maarifa angeyatafuta kwa taa. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean walifanya kazi Bweranyange katika miaka ya 1990 na kuandika juu ya uhusiano wa chuma na utawala. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na vyanzo hivyo, asome kurasa mia mbili, atoke na mistari kumi ya Kiswahili safi. Kazi hiyo haina heshima kubwa kwetu. Atakayeandika kitabu ataitwa mwandishi, atakayefupisha vizuri hataitwa chochote, ingawa wa pili ndiye atakayesomwa na maelfu.

Chukua chuma tu. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya Omukama mwaka 1876, akaorodhesha aliyoyaona: bata wa shaba njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki iliyofuliwa kwa ustadi. Wapo pia ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu kupita kiasi, ambao masimulizi yanawahusisha na Ndagara, Omukama aliyekumbukwa kuwa mhunzi, na pamoja nao nyundo na fuawe za kifalme. Hamo Sassoon aliandika juu ya vifaa hivyo katika jarida la Azania mwaka 1983. Hebu fikiri makala fupi yenye kichwa "Ng'ombe wa chuma wa Karagwe" ingekuwa na kazi gani darasani. Ingemweleza mtoto kwamba hapa mtawala alijivunia kufua chuma. Kwamba ng'ombe na jembe, mfugaji na mkulima, viliunganishwa katika chombo kimoja cha utawala. Na kwamba yule anayesema babu zetu walingoja chuma kutoka Ulaya hajui anachosema. Yote hayo yanaingia katika mistari minane.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu makini: masimulizi ya wazee hayaaminiki, hubadilika mdomoni, kwa hiyo kamusi elezo isiyaguse. Ushahidi wa kulijibu upo mkoani humu humu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika Buhaya na kuwasikiliza wazee wa Katuruka, walioeleza kwamba mahali fulani penye mti mtakatifu uitwao Kaiija palifuliwa chuma zama za Mtawala Rugomora Mahe. Akachimba hapo walipoonyesha. Chini ya ardhi akakuta mabaki ya kazi ya chuma, na vipimo vya mkaa vikaonyesha umri wa takribani miaka 2,500, mbali sana kabla ya Rugomora Mahe mwenyewe. Zingatia pande zote mbili za habari hiyo. Wazee walikosea wakati, wakapatia mahali na kazi iliyofanyika hapo, na bila wao hakuna profesa ambaye angechimba chini ya mti ule. Hivyo ndivyo masimulizi yanavyopaswa kutumiwa: yakubaliwe kuwa ushahidi, na yapimwe kama ushahidi mwingine wowote. Upande wa pili wa Mto Kagera, katika Nkore, ambako nako watawala walijihesabu kuwa uzao wa Ruhinda, babu wa Abahinda, masimulizi ya jua kupatwa pale Biharwe yalilinganishwa na mahesabu ya wanaastronomia yakaonekana kuangukia tarehe 17 Aprili 1520. Wapo wanahistoria wanaopinga ulinganisho huo, na makala nzuri ingesema hivyo pia kwa maneno sita au saba.

Lakini wenye pingamizi hili wana haki katika jambo moja, na ni lazima tuwape. Masimulizi ya ikulu ni masimulizi ya ikulu. Ukoo uliotawala uliitunza hadithi iliyoufaa, na hadithi ya ngoma iliyonyanyuliwa na mshindi ilisimuliwa na mshindi mwenyewe. Ndiyo sababu sharti ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba makala isiseme "inasemekana". Iseme nani alisema, alikuwa nani, lini na wapi. "Rumanyika alimweleza Speke mwaka 1861" ni maneno matano yanayompa msomaji uwezo wa kupima. "Inasemekana" linamnyang'anya uwezo huo, na makala zetu za redio na za magazeti zimelijaza neno hilo kila kona. Mzee wa Nyaishozi au wa Isingiro akihojiwa, aandikwe kwa ukoo wake na mwaka aliohojiwa, kwa ridhaa yake, ili atakayesimulia tofauti kesho aweze kuwekwa kando yake.

Wengine watauliza kwa nini tunarudi kwa wafalme. Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na ilikuwa na sababu zake za kujenga taifa moja. Je, kuandika juu ya Rumanyika si kuamsha ukabila na utabaka tulioukataa? Swali hilo nalichukulia kwa uzito, hasa baada ya yale niliyoyasema juu ya mwaka 1994. Jibu langu ni kwamba kunyamaza hakujaondoa hadithi mbaya, kumeiacha peke yake. Jina la Rumanyika lipo kwenye ramani ya taifa: mwaka 2019 mapori yetu ya akiba yalipandishwa hadhi, tukapata Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Mtalii atauliza Rumanyika ni nani, na asipopata jibu letu atapata la Speke. Tena, makala juu ya Omukama haiwi kumtukuza ikiwa karibu yake zipo makala juu ya wahunzi waliomfulia, wakulima waliolisha ikulu, wachukuzi wa misafara waliopita Kafuro, wachimba bati wa Kyerwa, na waalimu wa kwanza wa misheni. Watu mashuhuri si watawala tu, na kamusi elezo ya wilaya itakayojaa wafalme, maaskofu na wabunge itakuwa imerudia kosa la Speke kwa sura mpya.

Juu ya walio hai nina angalizo moja. Ni rahisi kumwandika Askofu Benson Bagonza, aliyeanza kuongoza Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri mwaka 2001, au Innocent Bashungwa, aliyeingia bungeni kuiwakilisha Karagwe mwaka 2015 na kuteuliwa waziri baadaye, kwa sababu kazi zao zimo katika kumbukumbu za wazi. Hatari ni sifa. Tumezoea wasifu unaosomwa msibani na kwenye harambee, ambamo kila mtu ni mchapakazi, mpenda watu na mfano wa kuigwa, na mazoea hayo yakihamia kwenye makala ya marejeo yanaiua. Ondoa sifa, acha kazi: alianzisha nini, alisimamia nini, alipinga nini, mwaka gani. Msomaji atampa sifa mwenyewe akiona zinastahili.

Wapo watakaosema kwamba mistari mitano haiwezi kubeba yote haya. Inaweza, ikiwa kila neno linafanya kazi. Sikiliza jaribio hili. Rumanyika Orugundu, Omukama wa Karagwe wa ukoo wa Abahinda na mwana wa Ndagara, alitawala kutoka Bweranyange katikati ya karne ya 19, na mwaka 1876 alikuwa bado madarakani. Alipata kiti baada ya kugombana na nduguye Rogero; mwenyewe alieleza kwamba alichaguliwa kwa kunyanyua ngoma ya ufalme, na wafanyabiashara walieleza kwamba alisaidiwa na Musa Mzuri wa Tabora. Wakati wake Kafuro ilikuwa kituo cha misafara ya pwani iliyokwenda Buganda, naye aliwaamkia wageni kwa Kiswahili. Nyumba yake ya hazina ilikuwa na vifaa vya chuma na shaba vilivyokuwa alama za utawala. Waliomwona na kumwandika ni Speke na Grant, mwaka 1861 na 1862, na Stanley, mwaka 1876. Masimulizi ya Wanyambo yamo katika kazi za Ford na Hall, mwaka 1947, na Katoke, mwaka 1975. Ni sentensi sita tu. Speke yumo, lakini amekaa anapostahili, miongoni mwa mashahidi. Hakuna rangi ya mtu, hakuna unene wa mtu, hakuna "inasemekana". Mwalimu anaweza kuisoma darasani kwa dakika moja, na mtoto mwenye hamu anajua aende wapi kutafuta zaidi.

Linabaki swali la nani atakagua. Makala ikiandikwa Dar es Salaam au Ulaya, mhariri wake hawezi kujua kwamba jina la kijiji limekosewa. Ikiandikwa hapa, mwandishi anaweza kuona haya kumkosoa mzee wa ukoo wake. Redio zetu za jamii zina nafasi ambayo mhariri wa mbali hana: makala ikisomwa hewani kabla haijachapishwa, kwa Kiswahili na kisha kwa Runyambo, watakaosikia kosa watapiga simu kabla kipindi hakijaisha, kutoka Murongo hadi Nyakahanga. Masahihisho yaandikwe, aliyesahihisha atajwe, na rekodi ihifadhiwe na tarehe yake. Ningeanza na bati la Kyerwa, kabla ya mfalme yeyote, kwa sababu wapo wazee waliofanya kazi kwenye machimbo hayo na ambao bado wanaweza kuulizwa nani aliwaajiri, walilipwa kiasi gani, mawe yalipelekwa wapi kwa njia ipi, na nani alifukiwa shimoni. Juu ya Rumanyika tunategemea waliokwisha kuandika, ila juu ya bati mashahidi wanaishi nasi, na simu za redio ziko wazi.